Nchi Isiyoinama

Wanasema mgongo ukinyooka, moyo nao hunyooka. Wanasema. Na Machano alikuwa mtu wa kuuliza: hao wanaosema ni akina nani, walikuwa wamekaa wapi walipokuwa wakisema, na ule mkono wa pili, usioonekana, ulikuwa umeshika nini?

Ilikuwako nchi, na laiti isingekuwako, ambayo jua lake lilikatazwa kuinama. Lilipandishwa mpaka utosini, likaambiwa kaa hapo hapo. Sababu ilitangazwa kwa kipaza sauti: kivuli kinacholala chini ni kivuli chenye huzuni, na huzuni ya kivuli humpanda mwenyewe kupitia nyayo. Basi ikawa saa sita ya mchana, ikaendelea kuwa saa sita ya mchana, hadi mchana wenyewe ukachoka. Watu walilala mchana, wakaamka mchana. Mtoto alizaliwa mchana, akaota meno mchana, akang'oka meno mchana ule ule. Ukimuuliza mtu jana ilikuwa lini, atakujibu, ilikuwa hapa hapa, ulikuwa umesimama mlangoni.

Baada ya jua zikafuata shingo za watu. Wakubwa walikuwa wamegundua, ndivyo walivyosema, kwamba unyonge hauanzi tumboni. Unaanza kwenye uti wa mgongo. Mtu ana njaa kwa sababu ameinama, anyooke, atashiba. Mtu anaogopa kwa sababu mabega yake yameanguka. Ayapandishe, aone kama woga utapata pa kukaa. Zikaja mbao za mvule, kila mtu ubao wake, kutoka kisogoni hadi kiunoni. Serikali ilitoa ubao. Kitambaa cha kuufungia, kila mtu aje nacho kutoka kwake.

"Hata kitambaa hawataki kukitoa," Machano alisema alipolisikia hilo. "Anayekupa furaha kwa ubahili namna hiyo, mchunguze."

Na la ajabu, ilikuwa kweli. Ubaya wote upo hapo. Uongo mtupu mtu huutema kama punje ya mchanga kwenye wali. Lakini waliofungwa mbao walicheka kweli, wakala kweli, wakatembea sokoni kama kila mmoja wao ndiye aliyelijenga soko. Ubao ulikuwa ukisukuma kifua, kifua kikasukuma kidevu, kidevu kikasukuma fikra yoyote yenye uzito ikaangukia nyuma ya kichwa huko, isionekane. Waliokuwa wakinong'ona sasa walinguruma. Waliokuwa wakiomba radhi kabla ya kukosa sasa walikosa bila kuomba radhi. Hakuna mdogo aliyekunja goti kumwamkia mkubwa. Hakuna aliyepuliza moto kwenye mafiga. Wanawake waliacha kubeba watoto mgongoni, kwa maana mtoto hapandi mgongo uliosimama: mama huinama kwanza, mtoto akalala pale kifudifudi, nguo ikatupwa juu yake, ikafungwa, ndipo mama akainuka na watu wakawa wawili. Sasa watoto walishikwa mbele kama sinia. Na kwa kuwa kila mtu alitazama upeo wa macho, watu walijuana kwa makoo. Nimeliona koo la fulani, walisema, lina afya.

Machano peke yake alibaki amepinda.

Hakupinda kwa uzee, wala kwa mizigo, ingawa yote mawili alikuwa nayo. Alipinda kwa mkewe. Mize alipokufa amri ilikuwa mbichi, na waliokuja mazikoni walikuwa wameshafungwa mbao. Walimleta mpaka ukingoni mwa kaburi, wakasimama. Hakuna aliyeshuka. Na kaburi linataka mtu ashuke. Linataka mtu asimame ndani yake, ainue mikono, ampokee maiti, kisha ainame, ainame tena, amlaze ubavu ndani ya mwanandani, ule mfuko wa udongo uliochimbwa kando kwa kazi hiyo, amwekee donge la udongo chini ya shavu apate kutulia. Machano alishuka peke yake. Alimpokea peke yake. Alipopanda juu, mgongo haukupanda naye. Alitoka kama alivyokuwa kule chini: amekunjika, mikono mbele, viganja wazi, kama mtu ambaye bado hajamaliza kuweka kitu.

Watu waliona kibiongo. Yeye alijua si kibiongo. Ile ilikuwa namna ya kumshika. Akinyooka, atamwachia.

Kisa chote ni hicho, hakuna kingine. Wao walitaka anyooke, naye hakutaka kumwachia.

*

Bi Hidaya, jirani yake wa ukuta mmoja, alikuja akasimama mlangoni, kidevu juu, akaongea na boriti.

"Hodi humu. Machano, upo?"

"Nipo huku chini, karibu na miguu yako. Usinikanyage."

"Basi sogea, mie siangalii chini, unajua. Wanakuja kukuchukua. Nenda mwenyewe, bwana we, usingoje kuburutwa kama mbuzi kwenye mvua."

"Umetumwa?"

"Nitumwe na nani? Huruma tu. Haya nitazame mimi. Nilikuwa nalia hadi sauti inakauka. Hukuwa ukinisikia?"

"Nilikuwa nakusikia. Nilikuwa nagonga ukuta ujue kuna mtu."

"Ehe! Wakanifunga ubao, hata unyevu wa jicho sina. Nakula. Nacheka na kuku. Kuku wenyewe wananishangaa."

"Ulikuwa ukilia nini, Hidaya?"

Koo la Bi Hidaya lilipanda, likashuka.

"Nilikuwa nalia... kitu. Kitu fulani hivi. Lo, Machano, kwani lazima nikumbuke? Kilichokuwa kinaniliza kina faida gani?"

Machano alikijua. Ukuta ni mmoja. Alikuwa akimlilia Vuai, mwanawe wa pekee, waliyemchukua kwa kuuliza mbele za watu kwa nini jukwaa la wakubwa halina nguzo na bado limesimama. Alichukuliwa na hakurudi, na mama yake akalia mpaka rangi ya ukuta ikabanduka kwa upande wa Machano.

"Na Vuai?" aliuliza taratibu, kama mtu anayegusa jipu.

"Vuai." Bi Hidaya alilitafuna jina lile, akaliona lina ladha. "Jina zuri. La mtu?"

Akacheka, akaenda zake, hatua zake zikilia juu ya ardhi kama za askari wa gwaride.

Machano alikaa palepale. Kumbe biashara yenyewe ndiyo hii, akawaza. Hawaondoi kidonda, wanamwondoa aliyejeruhiwa. Mtu aliyemchukua mwana wa mtu ana haja gani ya kumwomba mama msamaha, ikiwa anaweza kumnyoosha? Na pengine, pengine, haikuwa furaha waliyokuwa wakiitafuta tangu mwanzo. Walitaka watu wasitazame chini. Kuna nini chini? Nani yuko chini? Jukwaa halina nguzo na bado limesimama. Kitu kisicho na nguzo kinasimama juu ya nini? Alipofika hapo mawazo yake yalipunguza sauti yenyewe, yakaangalia dirishani kama kuna mtu.

*

Walikuja, wakambeba na mikunjo yake yote kama kiti kinavyobebwa.

Mkuu wa Migongo wa mji ule aliitwa Shaame. Alikuwa mrefu, na kwa kunyooka alizidi kuwa mrefu, hata maneno yake yalichukua muda kushuka. Machano alimjua tangu yuko mgongoni. Mama yake, Bi Kazija, muuza mihogo ya kukaanga, alimbeba mtoto huyu mpaka ikawa kichekesho, miguu inaning'inia mpaka magotini mwa mama, na wapita njia wanasema, Kazija, huyo lini utamzaa?

"Simama wima, mzee," Shaame aliiambia dari.

"Nikisimama wima nitamwangusha mtu."

"Nani?"

"Mke wangu."

"Mkeo amekufa. Aliyekufa haanguki."

"Aliyekufa ndiye anayeanguka, kijana. Aliye hai hujishikilia."

Vijana wa pale walicheka, makoo yao yakatikisika kwa pamoja.

"Mzee ana maneno," alisema Shaame. "Maneno mengi ni dalili ya kifua kilichobanwa. Kitambaa umekuja nacho?"

Alikuwa nacho, kwa kuwa hakuwa na kingine: kanga ya Mize, iliyofifia, maua yake yamebaki kama madoa ya maji, na ndani ya nyuzi moshi wa kuni, mafuta ya nazi, na ule udi aliouchoma siku za furaha tu.

"Niambie kitu kimoja kwanza," Machano alisema. "Tangu lini mkubwa akamtakia mdogo furaha hivi hivi? Sisi tulikuwa na njaa hamkuja. Tulikuwa na homa hamkuja. Mke wangu amelala siku, sijui siku, mchana, mchana kutwa, na dawa hakuna, hamkuja. Leo mnakuja na mbao mnataka nicheke. Mnaficha nini?"

"Unaona?" Shaame aliwaambia vijana wake. "Shaka. Limekaa kwenye pingili za shingo. Tukizinyoosha, litatoka lenyewe. Mshikeni."

Wakamshika. Mgongo ulilia kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Ubao uligusa kisogo, ukagusa kiuno, kanga ikazungushwa kifuani na shingoni, ikakazwa.

Ah.

Hewa. Kumbe kifua kina vyumba. Nani alikuwa amevifunga, na funguo alikuwa nazo nani? Mimi ni mrefu. Tazama, naona mapaa. Sikujua mji una mapaa. Mabati yanameta. Nani alisema nchi hii mbaya? Mimi? Siwezi kuwa mimi. Mimi ni mtu mwema, nina kidevu. Kulikuwa na mtu akicheka hivi, anaziba mdomo kwa upande wa mkono, kwa sababu ya jino, jino moja lililo... nani? Alikuwa akicheka nini? Mikono yangu miepesi. Ilikuwa imeshika nini? Haikushika kitu. Haijawahi kushika kitu. Hongera. Hongera ya nini? Hongera tu.

"Jina la mkeo?" Shaame aliuliza.

"Mke?" alisema Machano, na akatabasamu.

*

Ikawa mchana baada ya mchana. Machano alikula, akalala, akapiga soga na makoo. Aliingia barazani kwa watu waliokuwa wakimkimbia kwa uchungu wake, wakampa nafasi ya katikati. Sauti yake ilishuka tumboni ikawa nene. Alipouliza bei, wauzaji walishusha. Alikuwa na furaha, na mtu akisema alikuwa akijifanya, amemsingizia.

Lakini Shaame alikosea. Shaka halikukaa kwenye pingili. Au lilikuwa huko, likahama, likaenda kukaa puani. Kwa maana ile kanga ilipita shingoni, chini kidogo ya kidevu, na kila alipovuta pumzi ya furaha alivuta na moshi, na nazi, na udi. Harufu ya nani hii? alijiuliza. Mimi situmii udi. Nimefungwa kitambaa cha mwanamke. Mwanamke gani akampa mwanamume asiyemjua kanga yake? Akawa anatembea amenyooka, anatabasamu, na nyuma ya tabasamu anajipeleleza. Furaha hii nimepewa na nani? Anataka nini? Alitoa nini pale alipoiweka? Aliwatazama watu kwa pembe ya jicho, akaona kila mmoja naye, kwa sekunde tu, kama inzi anavyopita, ananusa kitambaa chake mwenyewe.

Ndipo Bi Kazija alipokufa.

Alikufa wakati anakaanga. Walimwosha wanawake waliolala chali ubavuni kwake, mikono yao ikitafuta bila macho, maana namna ya kumwinamia haikuwepo. Wakamtoa katika jeneza lililobebwa juu sana, juu ya vichwa, na mji mzima ukafuata, kwa kuwa ni mama wa Mkuu wa Migongo. Ilikuwa maziko yenye kicheko kidogo kidogo, kama mtu anayejaribu kukohoa.

Kaburi lilichimbwa kwa majembe ya mipini mirefu. Likawa tayari. Watu wakafika ukingoni. Wakasimama.

Wachukuzi hawakuweza kuliteremsha jeneza. Mikono ilikuwa juu, na njia ya kushuka inapita kiunoni, na viuno havikuwepo. Jeneza likawa linaelea pale, chini ya jua lisilosogea.

"Nani atashuka?" Shaame aliuliza anga.

Wachukuzi waliliinua jeneza juu zaidi.

"Yupo aliyewahi kushuka," ilisema sauti ya Bi Hidaya, ikijishangaa yenyewe. "Machano. Alishuka."

"Mimi?" Machano akacheka. "Kwa nani?"

"Kwa mkeo."

"Nilikuwa na mke?"

Hapo kicheko kilimkwama. Kanga ilimbana shingoni, udi ukaingia. Ikiwa nilikuwa na mke, akawaza, basi yuko wapi? Ikiwa amekufa, nimemlilia wapi? Mtu hawezi kuibiwa mke na kubakishiwa tabasamu, ila kuna mwizi.

"Machano," alisema Shaame. Kisha sauti yake ikashuka kutoka kwenye kidevu, ikapoteza ukubwa njiani. "Ami Machano." Hivyo ndivyo alivyomwita zamani, alipokuwa akibebwa, miguu ikining'inia. "Nakuomba, ami. Mama yangu yuko juani."

"Mnaniomba niiname? Nyinyi?"

"Nakuomba mimi."

Machano aliupima mtego. Hakuna aliye tayari kushuka, isipokuwa mjinga. Mjinga akishuka, majembe yapo, udongo upo, na hakuna hata mmoja wa hawa atakayetazama chini kuona unamwagikia nini. Pengine Kazija hayumo hata kwenye jeneza. Pengine kaburi hili limechimbwa kwa kipimo changu. Alijua kwamba mtu mwenye furaha hashuki. Na kwa kuwa hilo alilijua, na kwa kuwa hakumwamini yule mtu mwenye furaha aliyekuwa amevaa ngozi yake, alishusha kidevu.

Ubao ulikataa. Akasukuma. Uti wake ukalia, mvule ukalia, watu wakasikia kitu kama tawi la mti mkavu. Ulivunjika ubao au alivunjika yeye, hakusubiri kujua. Aliangukia ndani kwa magoti, na magoti yakagusa udongo wa baridi, wa kwanza wa baridi katika mchana wote ule. Mikono ikaenda mbele. Viganja vikafunguka.

Uzito ukarudi. Wote, kwa mara moja. Jino lile la pembeni. Mkono unaoziba kicheko. Shavu juu ya donge la udongo.

"Mize," alisema. Na akalia kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa hata kilio chake na sasa amekidaka mkononi mwa mwizi.

Alipomaliza akainua macho, akauona mji kwa upande ambao haukuamrishwa. Vifua vile vyote, kwa chini, vilikuwa vimesimama juu ya magoti yanayotetemeka. Yote. Magoti ya wachukuzi, ya Bi Hidaya, ya askari. Na mbali zaidi, kati ya miguu ya watu, aliliona jukwaa la wakubwa, lile lisilo na nguzo. Chini yake kulikuwa na giza, na katika giza migongo, migongo iliyopinda, imepangwa kama mafiga. Mmoja kati yao aligeuza uso. Alikuwa na koo kama la Bi Hidaya.

Basi Machano hakuwa kichaa. Alikuwa amekaa na shaka lake miaka, kama kuna miaka, akiambiwa ni uchungu wa mgane. Halikumfurahisha kuwa kweli.

"Umefika, ami?" Shaame aliuliza juu.

"Nimefika. Mama yako hajafika."

"Mpokee, basi."

"Siwezi kumpokea peke yangu. Mimi si maharimu wake. Kwa ada yetu, mwanamke hushikwa kiunoni na damu yake. Mimi nitakaa miguuni. Wa kumshika ni wewe."

Hata kile kicheko kidogo kilikoma.

"Ami, mimi ndiye Mkuu wa Migongo."

"Najua. Nilikuona unafungwa mgongoni na huyo unayemwacha juani. Aliinama ukapanda."

"Wananitazama."

"Hawakutazami. Uliwafunza wewe mwenyewe wasitazame chini."

"Nikiinama..." Shaame alisogeza mguu ukingoni. "Nikiinama nitaona."

"Ndiyo."

"Kuna nini huko?"

Machano angeweza kumwambia. Angeweza kumwambia habari za magoti, na giza la jukwaa, na Vuai. Lakini alikuwa ametoka kujifunza kwamba kilichosemwa kwa mtu aliyenyooka hupita juu ya kichwa chake kikaenda na upepo. Na tena hakumwamini. Mkono wake mmoja ulikuwa tayari umeshika bonge la udongo, kama wa kujikinga, kama wa kuweka chini ya shavu, hakujua bado.

"Njoo uone," alisema.

Akangoja. Alisikiliza majembe, kama yanasogea. Alisikia ubao, mahali fulani juu, ukianza kulia polepole, ule mlio wa mvule unaojua utakavyokwisha. Hakuamini. Pengine ni ubao wa mtu mwingine. Pengine ni hila.

Ndipo kitu kikaanguka ndani ya kaburi, cheusi, kirefu, kisicho na uzito, kikalala juu ya mikono yake na kupanda ukutani mwa udongo. Machano alirudi nyuma kwa woga kabla hajakitambua, kwa kuwa alikuwa hajakiona tangu Mize yuko hai. Kilikuwa kivuli. Kivuli cha mtu anayeinama, na kilikuwa kimelala.

Nani ameliruhusu jua liiname? aliwaza, na hata hapo alishuku.

Lakini mikono yake, ambayo haikuwahi kungoja aamini, ilikuwa imeshafunguka.